Tar Iliyobatizwa

Zarvard alikuwa na miaka ishirini na sita mkono wa kulia wa baba yake ulipokufa. Baba mwenyewe, Fundi Galust, hakufa. Aliamka asubuhi moja ya baridi kali, akataka kufunga vifungo vya shati, mkono ukabaki umelala pajani kama mkono wa mtu mwingine. Mdomo nao ukavutwa upande, maneno yakawa yanamtoka mazito, nusu yamemezwa. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, na hakukuwa na mchonga tar aliyejulikana kuliko yeye kule Julfa, ng'ambo ya mto, kwa Wakristo wa Kiarmenia.

Tar ni ala yetu ya nyuzi sita, yenye shingo ndefu na matumbo mawili yaliyochongwa kwa mti wa mforsadi na kuwambwa ngozi nyembamba ya mwanakondoo. Pale Isfahan, mji wetu wa Uajemi, kazi ilikuwa imegawanyika tangu enzi za mababu, bila mtu yeyote kuitisha kikao: Waarmenia walichonga, na sisi Wayahudi wa mtaa wa Jubareh tulipiga. Majirani zetu Waislamu walipenda sana kusikiliza, lakini hawakupenda watoto wao waonekane wamepakata tar, basi harusi za mji mzima, zetu na zao, zilikuwa mikononi mwetu. Mume wangu Rahamim alipiga tar. Baba yake alipiga tar. Mavyaa wangu, Bibi Tavus, alipiga dufu na kuimba upande wa wanawake, na sauti yake haikuchoka mpaka alipopita miaka sabini. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili tu katika ndoa. Kazi yangu ilikuwa kumbebea mavyaa dufu lake na kunyamaza. Kubeba nilibeba.

Sasa huyu Zarvard. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu ya tupa na gundi. Tangu akiwa na miaka kumi alikaa karakanani kwa baba yake. Aliloweka ngozi, aliikwangua, aliiwamba, alisokota utumbo wa kondoo mpaka ukawa uzi. Kitu kimoja tu hakuwahi kufanya, nacho ni kufunga pete. Shingo ya tar huzungushiwa pete za utumbo, ishirini na tano hivi, na pete ilipokaa ndipo sauti inapokaa. Hiyo ilikuwa kazi ya Galust peke yake. Alifunga kwa sikio, bila alama wala kipimo, na kabla hajaanza aliwatoa watu wote nje, binti yake akiwemo, akafunga mlango.

Karakana ile ilikuwa ya ndugu wawili, waliachiwa na baba yao. Ndugu mkubwa, Arakel, alikuwa seremala wa masanduku ya maharusi, ana watoto wawili wa kiume wakubwa na nafasi finyu ya kufanyia kazi. Miezi miwili baada ya Galust kuanguka, Arakel alikuja akaketi kwenye benchi, akapitisha kiganja juu ya meza iliyokuwa tupu. Zarvard mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Mwanangu, mimi sikufukuzi," alimwambia. "Lakini wanamuziki wa Jubareh wameacha kuja. Tar ngapi zimeingia tangu baba yako augue?"

"Hata moja, baba mkubwa."

"Basi nitasubiri mpaka Pasaka. Pasaka ikifika na meza iko hivi, naleta randa zangu na wanangu. Wewe utakwenda Tehran kwa shangazi yako. Ana jiko zuri."

"Nikampikie?"

"Ukampikie, ndiyo. Kupika kuna ubaya gani?"

Zarvard alipika vibaya kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kumjua, lakini hakulitaja hilo.

Ni kweli watu wetu walikuwa wameacha kwenda. Hakuna aliyetaka kumpa mwanamke tar yake. Mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvunja mwiko huo, na hakuwa shujaa hata kidogo, bali pete zake zilikuwa zimelika na alimwonea huruma Galust. Alipoaga kwenda Julfa, Khodadad alikuwa ameketi uani kwetu. Khodadad alipiga fidla, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi lao, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko upinde wake.

"Rahamim, utampa mwanamke shingo ya tar yako?" akasema.

"Mwanamke amenishika shingo mimi mwenyewe mwaka wa pili sasa," Rahamim akajibu, akinitazama, "na sijafa."

"Bado," Khodadad akasema.

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne ya wiki iliyofuata kulikuwa na harusi ya binti wa muuza hariri, kubwa kuliko zote za mwaka ule, na ya mwisho. Sisi baada ya Pasaka yetu hukaa wiki saba bila harusi na bila muziki, na Pasaka ilikuwa imebaki wiki moja tu kutoka harusi hiyo. Wapigaji wote wa mji wangekuwepo, kama si kupiga basi kusikiliza na kusengenya. Tar ya Rahamim ikilia vizuri mbele yao, Zarvard amepona. Ikilia vibaya, basi tena, kwa sababu Pasaka ya kwao ilikuwa siku tatu tu baada ya yetu, na Arakel si mtu wa kusahau tarehe.

Ijumaa Rahamim alichelewa. Alifika Julfa jua limeshainama, na Sabato yetu huingia jua likizama. Zarvard alimkabidhi tar imefutwa vizuri, pete mpya zinang'aa.

"Nyingine zilikuwa zimekaa upande," alimwambia kwa fahari. "Nimezinyoosha zote."

Rahamim akadhani anasema mafundo ya hizo pete. Angepiga hata mara moja tu angejua, lakini alitazama jua, akaifunga tar kwenye shuka, akavuka daraja mbiombio kama mwizi wa kuku. Jumamosi haigusiki. Tar ikalala ndani ya shuka lake siku nzima, na yeye akiizunguka.

Jumapili asubuhi tulikuwa uani. Mavyaa alikuwa anachambua mchele wa Pasaka, na huo huchambuliwa mara tatu, punje kwa punje, ole wako uchoke. Rahamim akaketi ukutani penye jua, akakaza nyuzi, akaanza.

"Nani huyo anayepiga?" mavyaa akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni mimi, Mama."

"Si wewe. Wewe nakujua. Huyo amevaa kola na tai."

Rahamim akaiinamia shingo ya tar. Alirudia, polepole, akishuka na shingo pete moja baada ya nyingine, na uso wake ukawa unabadilika. Katika muziki wetu, kati ya sauti na sauti mna sauti nyingine ndogo, si ya juu si ya chini, na hiyo ndiyo inayomliza mama wa bibi harusi. Kila sauti ndogo ina pete yake shingoni. Isogeze pete kwa upana wa punje ya mchele, umeiua. Zarvard alikuwa amesogeza sita. Ile tar ililia safi, sawasawa, kila sauti imesimama wima, na yote ilikuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Na Khodadad, kama aliyeitwa, akaingia mlangoni na fidla yake kwapani. Alisimama akasikiliza, kisha akavua kofia.

"Hongera, ndugu yangu," akasema. "Imebatizwa! Wamemtoa lini kanisani?"

Kabla ya mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Nilipokwenda kununua mboga, muuza mboga aliniuliza jina la ubatizo la tar yetu. Nikamwambia inaitwa Yasiyokuhusu.

Rahamim alitaka kuzisogeza mwenyewe. Mpigaji yeyote anaweza kurudisha pete zake, si kazi ya siku nzima. Alikuwa ameshaweka kidole juu ya ya kwanza mavyaa alipomzuia.

"Acha hapo. Ukizisogeza, kazi imekuwa yako. Jumanne Khodadad atakuuliza mbele ya watu nani kafunga, na wewe hujui kudanganya. Ukidanganya masikio yanakuwa mekundu, tangu una miaka mitatu."

"Sasa nifanyeje?"

"Aliyeharibu atengeneze. Yule binti atapelekwa jikoni kwa watu kwa sababu ya pete sita? Chukua mkeo mwende."

Basi tukavuka daraja mimi na yeye. Ibada ilikuwa imekwisha, lakini katika ukumbi wa shule uliopakana na kanisa kwaya ilikuwa inajifunza nyimbo za Pasaka. Mwalimu wao alikuwa amesoma ng'ambo na amerudi na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Rahamim alisimama ghafla ukutani.

"Sikia," akaniambia.

"Nasikia. Wanaimba vizuri."

"Vizuri mno. Sikia kinanda. Hakina mahali pa sauti ndogo, kinaruka kutoka ngazi mpaka ngazi. Tar yangu ndiyo hiyo. Ameipima hapo!"

Ndivyo ilivyokuwa. Zarvard aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ile miaka saba. Baba yake alikuwa juu amelala, kutwa nzima analala wakati ule, na yeye hakuwa na wa kumuuliza. Basi Alhamisi aliipeleka tar ukumbini baada ya mazoezi, akaipima pete kwa pete na kinanda, akafurahi kugundua kwamba baba yake alikuwa amekosea mahali sita. Alidhani ni uzee.

Alipotoka tukamwambia. Hakulia. Alifungua shuka juu ya ukuta mfupi wa shule, akagusa zile pete.

"Lakini zilikuwa nje," akasema. "Ya tano, ya nane. Nilizisikia mwenyewe ziko nje."

"Ziko nje, dada," Rahamim akamwambia kwa upole. "Huko nje ndiko zinakokaa."

Zarvard akaondoa mkono. Kisha akasema, "Baba alikuwa ananifungia mlango." Hakuwa anatuambia sisi. Halafu akalikunja shuka haraka. "Nipe nizirudishe. Sasa hivi... Hapana. Leo Jumapili."

"Na jana ilikuwa Jumamosi," Rahamim akasema.

Tukajikuta tunacheka wote watatu, huku hali yenyewe si ya kucheka. Jumatatu ndiyo siku iliyobaki, na Jumatatu Rahamim alitakiwa hamamuni, kwenye bafu la mji, na bwana harusi tangu asubuhi, kumpigia kwa tar ya kuazima.

"Nikuonyeshe sasa, basi," akamwambia. "Niweke kidole tu pale."

"Usinionyeshe. Ukinionyesha nitajua tar hii moja. Ya pili je? Niletee mtu anayeziimba hizo sauti. Nikizisikia kooni mwa mtu, nitazipata."

Hatukuulizana ni nani.

"Mimi? Kwa Waarmenia?" mavyaa akasema tuliporudi. "Na chai nitanywea nini?"

Jumatatu alfajiri alikuwa tayari mlangoni, ushungi kichwani, dufu mkononi mwangu, na kwenye kitambaa amefunga gilasi yake mwenyewe na mabonge ya sukari. Sisi hatutumii vyombo vya watu, na Bibi Tavus hakuwa wa kuanza kulegeza uzeeni. Tulipofika, kabla hajaketi, alifunua chungu kilichokuwa jikoni kwa Zarvard.

"Dengu," akasema. "Dengu na nini?"

"Dengu na kitunguu, bibi. Ni Kwaresima. Nyama hatuli, siagi hatuli, maziwa hatunywi."

"Siku ngapi?"

"Arobaini na zaidi."

"Arobaini! Halafu wanasema sisi ndio wenye masharti." Akafunika chungu kwa heshima. "Na imeungua kidogo, binti yangu. Haya, tufanye kazi."

Zarvard alikuwa amemteremsha baba yake, maana kumpokea mgeni mzee huku mwenye nyumba yuko kitandani ni aibu. Galust aliketi kwenye kiti karibu na samawari, blanketi magotini, macho nusu yamefumbwa. Mavyaa akapiga dufu taratibu kwa vidole vitatu, akaimba wimbo wa kumtoa bibi harusi kwa mama yake. Aliimba ule ubeti wa kwanza, *nifungulie mama, wenye mishumaa wamefika*, na palipo na ile sauti ndogo akakaa hapo kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au atoke.

"Rudisha," akasema.

Zarvard akaimba. Alikuwa na sauti nzuri, nakwambia, pana na safi.

"Hapana. Umeipiga pasi. Tena."

Akaimba tena.

"Umeipiga pasi na wanga umetia. Sikiliza mimi." Mavyaa akarudia, akaivuta.

Walikwenda hivyo saa nzima, kisha saa ya pili. Kila Zarvard alipofika pale, koo lake lilipanda lenyewe mpaka kwenye sauti ya kinanda, kama punda anayeijua njia ya kwake. Akijaribu kujizuia, anashuka mno. Mavyaa alibembeleza, akagomba, akampigia dufu sikioni. Mimi nilijaza samawari mara mbili. Mwishowe mavyaa akaweka dufu chini.

"Binti, una sauti nzuri sana. Hiyo ndiyo taabu yako."

Zarvard alikuwa ameshika koleo ndogo ya kufungia pete. Akaiweka mezani, akaisukuma mbali.

"Siisikii, bibi. Najua ipo, naona unaiimba, lakini siisikii. Miaka saba nimeimba na kinanda, kimeniziba. Mwambieni baba mkubwa aje achukue ufunguo."

Hapo kitu kikaguna karibu na samawari. Galust alikuwa amefumbua macho.

"Imba," akamwambia mavyaa. Lilimtoka zito, lakini tulilisikia.

Mavyaa akaimba ubeti ule ule. Alipofika penye ile sauti, Galust akaidaka. Aliidaka kwa mdomo uliopinda, kwa kukoroma zaidi kuliko kuimba, na akaendelea nayo, lakini hakuendelea na wimbo wetu. Aliingia kwenye wimbo mwingine kabisa, wa Kiarmenia, mrefu, unaokwenda polepole kama mtu anayepanda mlima amebeba maji. Ile sauti ndogo ilikuwa ndani yake kila mahali.

Mavyaa alishika kifua. "Hiyo! Hiyo hiyo! Nani kamfundisha huyu?"

"Baba yangu," Galust akasema. Alipumzika, akatafuta maneno. "Shemasi. Kwaresima aliimba. Asubuhi. Kabla ya kinanda."

"Huo naujua," Zarvard akasema polepole.

"Unaujua wapi? Kwaya haiuimbi hivyo," Galust akasema.

"Kwa bibi yangu. Aliimba akiniosha nywele."

Akasogea akachuchumaa mbele ya kiti cha baba yake. Galust akaanza upya, na Zarvard akaimba naye, hakuimba sauti ya pili safari hii, aliimba sauti ile ile moja, chini, kama mtu anayeongea na mtoto. Alipofika pale koo halikupanda. Lilikaa. Mavyaa alinibana mkono mpaka nikapata alama.

Zarvard hakungoja. Aliondoka pale chini akiwa bado anaimba, akaipakata tar, akabonyeza, akagonga uzi. Akasogeza ya kwanza kati ya zile pete sita.

"Kidogo," Galust akasema.

Akasogeza.

"Bado."

Akasogeza tena, safari hii kwa ukucha.

"Acha!" wakasema wote wawili, Galust na mavyaa, kwa pamoja, kisha wakatazamana kama watu walioshikwa wanaiba.

Ya pili na ya tatu zilikuwa na ubishi. Ya nne aliipata kabla hawajasema neno. Ya tano na ya sita alifumba macho na hakutusikiliza kabisa. Mchana ulikuwa umeinama alipokaza fundo la mwisho, akakata ncha ya utumbo, akaichoma kwa kijinga kidogo cha moto ili isifumuke. Kisha akapiga ubeti wa mavyaa mwanzo mpaka mwisho. Hakuwa mpigaji, vidole vyake vilijikwaa, lakini sauti zote zilikuwa nyumbani kwao.

"Nilifunga mlango," Galust akasema, akitazama mkono wake uliolala. "Nilidhani utaolewa."

"Haidhuru, Baba," Zarvard akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kidogo. "Sasa uko wazi."

Mavyaa alikuwa na furaha kiasi kwamba alichukua gilasi iliyokuwa karibu na kunywa chai yote kwa mkupuo. Ilikuwa gilasi ya Zarvard. Yake ilikuwa bado kwenye kitambaa. Mimi niliona nikanyamaza, na nimenyamaza miaka yote hii. Sasa yuko mbele ya haki na nadhani amesamehewa.

Jumanne Zarvard alikuja harusini, mavyaa ndiye aliyemwalika. Aliketi kwa wanawake kwenye varanda, amevaa gauni lake la kanisani, anakula zabibu kavu na lozi kwa ajili ya Kwaresima. Chini uani wapigaji walikuwa wameketi juu ya zulia, na nyuma yao wapigaji wengine ambao hawakuajiriwa, wameegemea ukuta, mikono kifuani. Habari ya ubatizo walikuwa nayo wote.

Khodadad hakuwa na haraka. Walipiga za kucheza kwanza, za mbio, ambazo hazina sauti ndogo nyingi, na watu wakacheza. Lakini ulipofika wakati wa kumtoa bibi harusi, akakaza upinde, akamtazama Rahamim na kutabasamu, akaanza kwenye njia ile inayoegemea kabisa hizo sauti. Alifanya kusudi. Mtoto angejua amefanya kusudi. Akapiga ubeti, akakaa kwenye ile sauti muda mrefu, kisha akanyanyua upinde kumwachia mume wangu ajibu.

Rahamim akajibu.

Sitasema malaika walishuka. Nitasema niliyoyaona: mama wa bibi harusi, mwanamke mkavu sana aliyekuwa akitoa amri tangu alfajiri, alikuwa amebeba sinia la peremende, na akaliweka chini katikati ya watu, akafunika uso. Dada zake wakaanza. Varanda nzima ikaanza. Mavyaa akachukua dufu na kuingia kwa juu, na Khodadad akasahau alichokuwa amekusudia, akamfuata Rahamim, wakaenda hivyo, fidla na tar, mpaka bibi harusi alipopita chini ya kizingiti.

Walipomaliza Khodadad akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani, "Nani kafunga hizo?"

"Zarvard binti Galust."

"Wewe hukugusa?"

"Sikugusa hata moja."

Watu wote wakamtazama masikio. Yalikuwa meupe kama siku aliyozaliwa.

"Basi," Khodadad akasema, akikuna kidevu. "Tar imerudi kwetu."

"Imerudi kwao!" mavyaa akampigia kelele kutoka juu. "Shemasi wao aliimba hivyo wewe hujazaliwa, wee Khodadad! Funga mdomo ule peremende!"

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Zarvard alikuwa amejificha nyuma yangu, na nilihisi paji la uso wake mgongoni mwangu, la moto.

Sasa hizo wiki saba za kimya. Mpigaji asiye na harusi hufanya nini? Hupeleka ala yake kutengenezwa. Jumatano Khodadad mwenyewe alimpeleka mpwa wake na tar iliyopasuka ngozi. Alhamisi zikaja mbili. Mpaka siku moja kabla ya Pasaka yetu zilikuwa tisa, nyingine zimetundikwa, nyingine zimelala kwenye benchi, moja iko kitandani kwa Galust.

Arakel alikuja baada ya Pasaka yao kama alivyosema, na kamba ya kupimia mfukoni. Alisimama mlangoni, hakuona pa kuweka mguu.

"Karibu ndani, baba mkubwa," Zarvard akamwambia. "Pita ukutani."

"Baba yako yuko wapi?"

"Nipo," Galust akasema nyuma ya tar tatu. "Usikalie kazi ya mwanangu."

Arakel aliichezea ile kamba mfukoni, akauliza kama zote zina visanduku vya kubebea, maana kwa shuka zitavunjika, na akasema mti wa masanduku anao. Kwa hiyo ndugu wale walipatana kwa biashara. Shangazi wa Tehran alitumiwa barua na kilo mbili za halua.

Zarvard alifanya kazi pale miaka arobaini na moja. Alipofika miaka thelathini aliolewa na mwokaji mikate, mgane, mtu mpole aliyesikia kila wimbo kama wimbo mmoja, na mpishi akawa huyo mume. Walipata mabinti wawili na wote waliingia karakanani mlango ukiwa wazi. Kwaya hakuiacha, ila mwalimu alimhamishia mwisho wa mstari, karibu na dirisha, akilalamika kwamba anapinda. Wengi wetu wa Jubareh waliondoka nchini, mmoja mmoja na familia nzima, na ikapita miaka ya muziki kukatazwa, ambayo tar hazikusikika nje ya kuta. Miaka hiyo alitengeneza viti, na kila jioni alipaka mafuta ya lozi zile zilizokuwa zimelala. Mimi na Rahamim hatukuondoka. Nilikuwa nikienda kwake kila Jumanne, na gilasi sikubeba.

Yuko hai mpaka sasa. Haoni vizuri, lakini vidole vinaona. Majuzi nilimkuta na mgeni, mwalimu wa muziki kutoka Shiraz, mwanamke wa makamo aliyevaa vizuri, ameleta tar ya marehemu baba yake na kijidude cha umeme cha kupimia sauti. Alikiweka mezani kikawa kinawakawaka taa nyekundu na kijani.

"Kinasema pete hii iko nje, mama," mgeni akasema.

"Kizime," Zarvard akamwambia. "Kwanza imba."

Yule mwalimu akaona haya. Akakohoa mara mbili, akaniangalia mimi kama nitamwokoa, kisha akaimba.